Kuita mwenyewe, konstrukta au kontena dogo: njia tatu za kujaribu klasi yenye @PostConstruct

"Yaya, programu inatembea, jaribio ndilo linaanguka. Kosa liko wapi?" Hapa Lubumbashi swali hili huletwa na vijana waliosoma Java kwa Kifaransa na sasa wanaandika programu za maduka, za famasi, za malori yanayokwenda Kasumbalesa. Ukiifungua klasi yenyewe, mara nyingi chanzo ni anotesheni mbili zilizokaa juu ya metodi: `@PostConstruct` na `@PreDestroy`.

Klasi ya namna hii haizaliwi kwa hatua moja. Kwanza konstrukta inafanya kazi yake. Kisha kontena, yaani sehemu ya mfumo inayoumba na kuunganisha vitu vya programu kwa niaba yako, liwe la Spring au la CDI, linachomeka vitegemewa ambavyo havikupitia kwenye konstrukta. Vitegemewa vyote vikishakuwa tayari, kontena linaita metodi yenye `@PostConstruct`. Siku programu inapofungwa kwa utaratibu, linaita ile yenye `@PreDestroy`. Metodi hizo mbili nitaziita miito ya uhai. Sasa, katika jaribio la klasi moja peke yake hakuna kontena, na Mockito, maktaba ya kutengeneza moki (vitu bandia vinavyotoa majibu uliyoyapanga), haichukui nafasi yake: `@InjectMocks` inaunda kitu, inachomeka moki, inaishia hapo. Kuijaribu klasi ikiwa katika hali hiyo ni kuonja bukari (ugali) wakati mbabula (jiko la makaa) haijawashwa.

Tuchukue mfano ambao kila mwenye duka mjini anauelewa. Bei zimeandikwa kwa dola, mteja analipa faranga, na programu inapowaka inachukua kiwango cha siku:

```java
@Service
public class MbadilishajiFedha {
    private final ChanzoChaViwango chanzo;
    private final Clock saa;
    private BigDecimal kiwango;

    MbadilishajiFedha(ChanzoChaViwango chanzo, Clock saa) {
        this.chanzo = chanzo;
        this.saa = saa;
    }

    @PostConstruct
    void pakia() {
        kiwango = chanzo.kiwangoCha(LocalDate.now(saa));
    }

    @PreDestroy
    void funga() {
        chanzo.funga();
    }

    public BigDecimal kwaFaranga(BigDecimal dola) {
        return dola.multiply(kiwango);
    }
}
```

`ChanzoChaViwango` ni intafesi. `Clock` imewekwa kwa makusudi: Lubumbashi iko saa moja mbele ya Kinshasa, kwa hiyo seva inayofuata saa za Kinshasa ikisoma saa tano na nusu usiku, kwetu tarehe imeshageuka, na kiwango kinachotakiwa ni cha kesho yao. `pakia()` isipoitwa, `kiwango` kinabaki `null`, na `NullPointerException` inatokea ndani ya `kwaFaranga`. Yaani kosa linalia mbali na mahali lilipozaliwa, ndiyo maana watu hupoteza jioni nzima wakichunguza hesabu ambayo haina tatizo lolote.

Maswali mawili kabla ya kuchagua

La kwanza: mwito uko kwa nani? Kwa klasi unayoijaribu, au kwa klasi unayotaka kuiwekea moki? Watu wengi huchanganya hali hizi mbili, na dawa zake hazifanani. Njia tatu zinazofuata zinahusu ya kwanza. Ya pili nimeipa sehemu yake chini, maana ina mitego yake.

La pili: una wasiwasi na nini? Kazi inayofanyika ndani ya mwito, au kwamba kontena litauita huo mwito? Jaribio linalojibu swali moja linaweza kuwa kipofu kabisa kwa lile lingine.

Vigezo

Kila njia nitaipima kwa mambo yaleyale: nani anayeita mwito, kama moki inapata majibu yake kabla mwito haujaitwa, kasi pamoja na mega (ni mambo gani ya kupakua, na kama linakimbia bila intaneti), ni kiasi gani cha klasi yenyewe unalazimika kubadilisha, na ni makosa gani linayakamata, yapi yanapita. Kigezo cha tatu hukikuti katika maandishi mengi ya Ulaya. Kwa mtu anayenunua mega kwa siku na kuandika msimbo kwa betri, jaribio linalotaka kupakua nusu ya Maven Central, ghala la mtandaoni la maktaba za Java, ni jaribio ambalo halitaendeshwa.

Njia ya kwanza: kuita mwito mwenyewe

```java
@ExtendWith(MockitoExtension.class)
class MbadilishajiFedhaTest {
    @Mock ChanzoChaViwango chanzo;
    MbadilishajiFedha mbadilishaji;

    @BeforeEach
    void andaa() {
        Clock saa = Clock.fixed(
            Instant.parse("2025-03-10T22:30:00Z"),
            ZoneId.of("Africa/Lubumbashi"));
        when(chanzo.kiwangoCha(LocalDate.of(2025, 3, 11)))
            .thenReturn(new BigDecimal("2800"));
        mbadilishaji = new MbadilishajiFedha(chanzo, saa);
        mbadilishaji.pakia();
    }
}
```

Nambari 2800 ni ya kubuni. Kilicho muhimu ni tarehe. Saa iliyosimamishwa inasoma Machi 10 kwa Kinshasa na Machi 11 kwa Lubumbashi, na moki imepangiwa jibu la Machi 11 tu.

*Nani anaita.* Wewe, kwa mkono. Jaribio likikaa katika paketi ileile na klasi, metodi isiyo na `private` inaonekana bila hila. Ikiwa ni `private`, Spring ina `ReflectionTestUtils.invokeMethod(mbadilishaji, "pakia")`, lakini hapo jina la metodi limegeuka kuwa maandishi: mtu akibadilisha jina, kompaila haisemi kitu, jaribio linaanguka baadaye. Mimi huondoa hilo neno `private`. Hakuna anayepungukiwa.

*Moki na wakati.* Hapa njia hii haina mpinzani. Unapanga majibu, unaita mwito, unatazama. Unaweza hata kuipangia moki itupe kosa, uone `pakia()` inafanya nini chanzo kikiwa hakipatikani. Na `MockitoExtension` inakupa msaada usioutarajia: kwa kawaida yake ni kali, kwa hiyo ukipanga jibu na jaribio likapita bila jibu hilo kutumiwa, inatupa `UnnecessaryStubbingException`. Mara nyingi maana yake ni moja: umesahau kuita mwito.

*Kasi na mega.* JUnit (maktaba ya kuendesha majaribio) na Mockito tu. Zikishaingia kwenye `.m2`, ghala la maktaba ndani ya mashine yako, `mvn -o test` inatosha, intaneti iwepo isiwepo.

*Mabadiliko kwenye klasi.* Karibu hakuna.

*Linachokamata na kinachopita.* Kazi ya ndani ya mwito inajaribiwa sawasawa. Lakini futa `@PostConstruct` yenyewe, uendeshe majaribio: yote yanapita, kijani kitupu. Anotesheni hizi zilikuja na JSR 250 mwaka 2006 katika paketi ya `javax.annotation`, zikaingia Java SE 6, kisha zikaondolewa kwenye JDK ilipofika Java 11 mwaka 2018. Leo makao yake ni `jakarta.annotation`. Kontena linalosoma `jakarta` pekee likikuta `@PostConstruct` ya `javax`, haligombi, halionyi. Linapita tu kana kwamba haikuandikwa. Spring 6 bado ilikuwa inazitambua za zamani. Spring 7 imeacha. Mtu aliyehamisha mradi, akasahau mstari mmoja wa `import`, na jar ya zamani bado iko kwenye utegemezi, atakuwa na majaribio yanayopita na duka linaloangusha `null` asubuhi mteja wa kwanza anapofika. Jaribio la kuita kwa mkono haliwezi kuliona kosa hilo. Na hatulilaumu: halikuulizwa.

Kitu kingine kidogo: klasi ikirithi nyingine yenye mwito wake, kontena huanza na wa mzazi. Ukiita kwa mkono, utaratibu huo unakuwa juu yako.

*Inamfaa nani.* Mwenye mantiki nzito ndani ya mwito, na mwenye msimbo wa zamani asioruhusiwa kuugusa sana.

Njia ya pili: kuondoa haja ya mwito

Wapo watakaokuambia kwamba swali lenyewe limekosewa: kama klasi ni ngumu kujaribiwa kwa sababu inazaliwa kwa hatua mbili, ifanye izaliwe kwa moja.

```java
public MbadilishajiFedha(BigDecimal kiwango) {
    this.kiwango = Objects.requireNonNull(kiwango);
}
```

Na kazi ya kupakia inahamia pale vijenzi (beans, vitu vinavyoumbwa na kontena) vinapounganishwa:

```java
@Bean
MbadilishajiFedha mbadilishaji(ChanzoChaViwango chanzo, Clock saa) {
    return new MbadilishajiFedha(chanzo.kiwangoCha(LocalDate.now(saa)));
}
```

*Nani anaita.* Hakuna wa kuita. Kitu kikitoka kwenye `new` kimekamilika, na `kiwango` kinaweza kuwa `final`.

*Moki na wakati.* Jaribio la `kwaFaranga` halihitaji moki hata moja: unampa 2800, unamuuliza dola kumi ni faranga ngapi. Huu ndio uzuri wake mkubwa, na ndio unaowafanya wapenzi wa njia hii waseme kwa sauti ya juu kuliko inavyostahili.

*Kasi na mega.* JUnit peke yake. Hakuna chepesi kuliko hiki.

*Mabadiliko kwenye klasi.* Makubwa. Klasi iliyojengwa kwa `@Autowired` juu ya sehemu zake, kama zilivyo nyingi katika miradi ya miaka kumi iliyopita, lazima ifumuliwe. Kila anayeiunda lazima arekebishwe.

*Linachokamata na kinachopita.* Makosa ya hali iliyokamilika nusu yanatoweka kabisa; si kwamba yanakamatwa, hayawezi kutokea. Ila kazi ya kupakia haikufa, imehama. Hesabu ya tarehe ya Lubumbashi sasa iko ndani ya metodi ya `@Bean`, mahali ambapo watu wachache sana huandika jaribio. Ukichagua njia hii, ijaribu na hiyo metodi. Ni metodi kama nyingine, iite.

Kuna mahali njia hii inagoma. Kiwango kikibadilika katikati ya siku, na makambisti (wabadilishaji fedha) wa barabarani hawasubiri programu yako iwashwe upya, thamani iliyofungwa ndani ya konstrukta haitoshi. Utapitisha `Supplier<BigDecimal>` badala ya nambari, nawe umerudi kwenye kitu kinachohitaji kupangiwa majibu. Kwa upande wa CDI, klasi yenye `@ApplicationScoped` hufunikwa na wakala (proxy, kitu kinachosimama mbele yake na kupokea miito), na kanuni za CDI zinataka iwe na konstrukta isiyo na vigezo na isiyo `private` kwa ajili ya wakala huyo. Konstrukta hiyo inaweza kukimbia kwa ajili ya wakala pia, kwa hiyo kuweka humo kazi nzito ni kujitafutia taabu. Kwa CDI, `@PostConstruct` iko kwa sababu, tena sababu nzuri.

Na kufunga? Mwito wa kuzaliwa unaweza kuondolewa, wa kufa si rahisi hivyo. Kilichofunguliwa lazima kifungwe. Katika Spring, klasi ikitekeleza `AutoCloseable`, metodi ya `@Bean` itatambua `close()` yenyewe na kuiita kontena linapofungwa, bila anotesheni. Kwenye jaribio unatumia `try` yenye mabano, Java inafunga. Safi.

*Inamfaa nani.* Anayeanza mradi mpya, na timu inayomiliki msimbo wake wote.

Njia ya tatu: kontena dogo ndani ya jaribio

Hapa humwigizi kontena. Unamleta mwenyewe, lakini mdogo, akiwa na vijenzi vitatu tu:

```java
ChanzoChaViwango chanzo = mock(ChanzoChaViwango.class);
when(chanzo.kiwangoCha(any())).thenReturn(new BigDecimal("2800"));

try (var kontena = new AnnotationConfigApplicationContext()) {
    kontena.registerBean(ChanzoChaViwango.class, () -> chanzo);
    kontena.registerBean(Clock.class, () -> saa);
    kontena.register(MbadilishajiFedha.class);
    kontena.refresh();

    var mbadilishaji = kontena.getBean(MbadilishajiFedha.class);
    assertEquals(new BigDecimal("28000"),
        mbadilishaji.kwaFaranga(BigDecimal.TEN));
}
verify(chanzo).funga();
```

*Nani anaita.* Kontena, kama litakavyoita kazini. `refresh()` inaleta `pakia()`, mwisho wa `try` unaleta `funga()`. Mstari wa mwisho unathibitisha jambo ambalo njia ya kwanza haiwezi: kwamba kufunga kumeitwa na mwenye kazi ya kuita.

*Moki na wakati.* Katika mfano huu moki ilipangiwa majibu kabla ya `refresh()`, kwa hiyo hakuna shida. Shida inaanza mtu akitumia `@SpringBootTest` pamoja na `@MockitoBean`, kisha akapanga majibu ndani ya `@BeforeEach`. Katika Spring, kijenzi cha kawaida huundwa kontena linapowaka, si kinapohitajiwa. Mpangilio unakuwa hivi: Spring inaweka moki tupu, inaunda `MbadilishajiFedha`, inaita `pakia()`, moki ambayo haijafundishwa kitu inarudisha `null` (Mockito hurudisha `null` kwa `BigDecimal`, sifuri kwa `int`, orodha tupu kwa `List`), na ndipo `@BeforeEach` inafika na majibu yake, wageni wameshatawanyika. Kila mstari wa jaribio ni sahihi ukiusoma peke yake. Dawa ni kupanga majibu pale moki inapoumbwa, ndani ya metodi ya `@Bean` ya usanidi wa jaribio. Au kuweka bandia uliyoiandika kwa mkono, klasi ya mistari mitano inayotekeleza `ChanzoChaViwango` na kurudisha 2800 siku zote. Kwa hali hii mahususi naipenda bandia kuliko moki: inazaliwa ikiwa na jibu lake.

CDI inatenda tofauti. Kijenzi cha `@ApplicationScoped` huundwa metodi yake inapoitwa mara ya kwanza, kwa hiyo majibu ya `@BeforeEach` yanaweza kuwahi. Kwa mara ya kwanza tu, lakini. Kijenzi kikishaishi, jaribio linalofuata likitumia kontena lilelile linakikuta na kiwango kilekile cha zamani.

Spring nayo ina toleo lake la jambo hilo: huhifadhi makontena ya majaribio ili isiyawashe upya, hadi 32 kwa kawaida, na majaribio yenye usanidi sawa yanagawana moja. `@PostConstruct` inaitwa mara moja kwa kontena, si mara moja kwa jaribio. Ukibadilisha seti ya moki, kontena jipya linawashwa, na sekunde zinaongezeka. Wenye mradi wa zamani watakuta `@MockBean`, iliyokuja na Spring Boot 1.4 mwaka 2016; Spring Boot 3.4, mwishoni mwa 2024, iliiweka kwenye orodha ya vinavyoachwa, Spring Boot 4 imeiondoa, na mrithi wake ni hiyo `@MockitoBean` ya Spring 6.2.

*Kasi na mega.* Kontena dogo la mkono, kama lile la juu, ni jepesi, na ikiwa mradi tayari ni wa Spring hakuna kipya cha kupakua. `@SpringBootTest` kamili ni habari nyingine: inataka kuwasha kila kitu, hifadhidata pamoja. Watu husema "majaribio ya Spring ni mazito" wakimaanisha hili la pili, na lile la kwanza linaadhibiwa bure. Kwa CDI kuna Weld-JUnit, inayowasha Weld na klasi ulizozitaja tu; hiyo itabidi uipakue mara moja.

*Mabadiliko kwenye klasi.* Hakuna.

*Linachokamata na kinachopita.* Linakamata `import` mbaya, anotesheni iliyosahaulika, mwito ulioitwa kabla ya wakati. Ukiwasha humo usimamizi wa miamala, linakuonyesha pia kwamba `@Transactional` haifanyi kazi ndani ya `@PostConstruct`, kwa kuwa mwito unaitwa kabla wakala wa kusimamia miamala hajavikwa juu ya kijenzi. Udhaifu wake ni kwamba likianguka, ujumbe ni mrefu: `BeanCreationException` imefunga nyingine, nayo imefunga nyingine. Soma sababu ya chini kabisa, iliyobaki ni maganda.

*Inamfaa nani.* Anayehama kutoka toleo moja kubwa hadi lingine, na anayeandika vijenzi vinavyoshika rasilimali: faili, muunganisho, uzi wa nyuma.

Kabla ya kuendelea: ilikuwepo pia njia ya JMockit, ambayo kwa klasi yenye `@Tested` inaita miito ya uhai yenyewe. Ukiikuta katika mradi wa zamani, iheshimu. Mradi wake wa asili haujasonga tangu toleo 1.49 la mwaka 2019, kwa hiyo siiweki kwenye meza ya anayechagua leo.

Mwito ukiwa kwa anayewekewa moki

Sasa geuza meza. Unajaribu `Rejista`, inayomtegemea `MbadilishajiFedha`, na unataka moki ya huyo wa pili. Klasi yake ina `@PostConstruct`. Je, itaitwa?

Bila kontena, haiitwi, na hiyo ni raha. `mock(MbadilishajiFedha.class)` haikimbizi hata konstrukta. Ipangie `kwaFaranga`, endelea na maisha. Hapa njia zote tatu za juu hazikuhusu. Ukijikuta unaita `pakia()` kwenye moki, simama, maana unamwamsha asiyelala.

Ukiwa na kontena, inategemea moki imeingia kwa mlango upi. Kwa `@MockitoBean`, Spring inaisajili ikiwa kitu kilichokamilika na haiipitishi kwenye hatua za kuzaliwa: hakuna kuchomeka, hakuna mwito. Lakini ukiirudisha mwenyewe kutoka metodi ya `@Bean`, Spring haijui kwamba ni moki. Inaiona kama kijenzi cha kawaida, na inafanya yote. Kama klasi ya asili ina sehemu zenye `@Autowired`, itazitafutia vitegemewa, na jaribio litaanguka kwa kukosa kitu ambacho moki haikihitaji kabisa. Kisha inaita `pakia()` juu ya moki. Mara nyingi haileti madhara, maana moki hupokea mwito na kukaa kimya. Ila mwito huo umeandikwa kwenye kumbukumbu yake, na `verifyNoInteractions` itakulalamikia kuhusu kitu usichokifanya.

Mbaya zaidi ni `pakia()` ikiwa `private`. Mockito haiwezi kuzuia metodi ya `private`. Spring inaiita, msimbo wa kweli unakimbia ndani ya moki, `chanzo` ni `null` kwa kuwa konstrukta haikuitwa, na unapata `NullPointerException` kutoka ndani ya kitu ulichodhani ni sanamu. Hii ni sababu ya pili ya kuondoa `private` kwenye miito ya uhai, na kwangu ina uzito kuliko ya kwanza. Dawa kamili ni kuweka intafesi mbele ya klasi na kuiwekea moki intafesi, ambayo haina anotesheni za kusomwa.

Na wapelelezi (spy, vitu halisi ambavyo Mockito inafuatilia miito yake)? `@MockitoSpyBean` humvika kijenzi halisi upelelezi baada ya kuzaliwa kwake. `@PostConstruct` imeshapita. Huwezi kuizuia kwa njia hiyo wala kuthibitisha kwamba iliitwa. Wanaojaribu `doNothing().when(mpelelezi).pakia()` ili programu isipige intaneti wakati wa majaribio wamechelewa; wabadilishe chanzo badala yake.

Kwa hali yako

Msimbo wa zamani, `@Autowired` kila mahali, na bosi anataka majaribio bila kugusa klasi: ita mwenyewe. Ongeza kontena dogo moja kwa kila kijenzi chenye mwito wa maana, kwa ajili tu ya kuona kwamba mwito unaitwa. Si lazima liwe na zaidi ya hapo.

Mradi mpya wa Spring, timu ndogo: anza na konstrukta, na mwito uingie pale tu hali inapobadilika wakati programu inaishi. Ukiwa kwenye Quarkus au seva ya Jakarta, ambako CDI ndiyo inayotawala, acha `@PostConstruct` mahali pake na uite kwa mkono katika majaribio ya klasi mojamoja.

Unahama kutoka `javax` kwenda `jakarta`: kontena dogo kwanza, kabla hujabadilisha mstari hata mmoja. Majaribio ya kuita kwa mkono yatakuambia kila kitu ni shwari hata kama si shwari.

Laptop yenye betri ya saa mbili na mega za kuhesabu: njia ya kwanza na ya pili kila unapohifadhi faili, ya tatu kabla ya kusukuma msimbo kwenye hazina. Ziweke kwenye paketi tofauti au zipe `@Tag` tofauti ili Maven iweze kuzitenga.

Na kama kilichokuleta hapa ni `@PreDestroy` inayohifadhi mauzo ya siku, basi hakuna njia kati ya hizi itakayokusaidia. Kontena huita mwito wa kufa programu inapofungwa kwa utaratibu. Umeme ukikatika, au mtu akipiga `kill -9`, hakuna anayeita kitu. Majaribio yote matatu yatapita na mauzo yatapotea. Andika kila mauzo kwenye hifadhidata yanapotokea, na `@PreDestroy` ibaki na kazi ya kufunga milango.